Muuza Uji Anayepekua Wanawake Kambani

Jumanne, Julai 11, 1995. Bariadi imeamka na baridi kavu. Upepo wa mashariki unapiga tangu alfajiri, unasomba vumbi la barabarani na kulimwaga juu ya majani ya mihogo. Mbinguni hakuna wingu hata moja.

Saa kumi na mbili na nusu, Anyesi Malimi amechuchumaa mbele ya mafiga yake, anapuliza moto chini ya sufuria ya uji wa mtama. Pembeni kuna beseni la matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa tena. Hatua chache mbele yake kamba nene ya katani imefungwa kati ya mapipa mawili ya lami, ikikata barabara iendayo Lamadi. Hiki ni kizuizi cha polisi. Wenyeji wanapaita Kambani.

Pick-up ya kwanza inasimama. Askari anazunguka nyuma, anahesabu vichwa kwa macho, kisha anageuka.

"Mama wa uji! Kuna wanawake."

Anyesi anaacha mwiko. Anachota maji ya moto kwenye kopo, ananawa mikono, anaifuta vizuri kwa upindo wa kitenge, anafanya ishara ya msalaba, ndipo anakwenda. Nyuma ya gari abiria wawili wameshatandaza kanga hewani, kila mmoja kashika ncha zake. Wanawake wanaingia nyuma ya kanga mmoja mmoja.

"Mwangaluka, mayu. Nashika mgongo," anamsalimia kila mama kwa Kisukuma na kusema kabla hajagusa. "Sasa kiuno. Inua mkono. Haya, vaa vizuri, baridi hii."

"Mikono yako ya moto, afande wa uji," mmoja anamtania. "Ya wale askari wa zamani ilikuwa baridi kama chura."

Wanacheka wote, hata waliosubiri zamu. Anyesi anacheka nao, lakini leo kicheko chake ni kifupi. Jana jioni aliambiwa kwamba akifika hapa leo achague: aseme anachoulizwa, au abebe sufuria zake aondoke.

Anyesi, mwenye umri wa miaka 42 na mama wa watoto watano, si polisi. Hana sare wala mshahara. Anauza uji shilingi hamsini kikombe, na msimu huu wa pamba, magari yanapokuwa mengi, siku njema humwachia faida ya shilingi elfu mbili. Hela hiyo ndiyo inayonunua dawa ya pamba ya shamba lao la Mwamapalala. Zamani dawa walikopeshwa na chama cha ushirika. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na fedha taslimu na mizani yao, lakini mkopo wa dawa haupo tena.

"Bila uji, pamba italiwa na wadudu," anasema. "Na bila kamba hii hakuna gari litakalosimama niuze uji. Sisi huku tunaishi kwa sababu magari yanasimamishwa."

Kazi ya kupekua ilimjia mwaka 1992, bila kuiomba.

Wakati huo wanawake walipekuliwa na askari wanaume. Askari walikuwa na sababu yao, na Anyesi hawasingizii. Gongo inapita barabara hii kwenda na kurudi, ndani ya mipira ya matairi ya baiskeli iliyojazwa na kuzungushwa kiunoni, mpaka mtu aonekane mjamzito. Nyama pori iliyokaushwa hufungwa mapajani. Lakini mkono wa mwanamume ulikuwa unapita pote, mchana kweupe, abiria wanaangalia. Wapo waliokwenda kushtaki kwa waume zao wakaulizwa walikuwa wanatafuta nini barabarani.

Aliyesema basi ni Mektilda Shida, mfanyabiashara wa dagaa anayekwenda Lamadi mara mbili kwa wiki. Siku moja alishuka kwenye gari, akaketi katikati ya barabara, akakunja miguu kama yuko kwake.

"Niliwaambia, sheria inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke," Mektilda anasimulia. "Ndugu yangu ni karani wa mahakama, alinieleza. Askari akaniuliza, hapa mwanamke yuko wapi? Nikamwonyesha yule anayekoroga uji."

Basi Anyesi akaitwa. Anasema siku ile aliona aibu kuliko aliyepekuliwa. Hakujua aanzie wapi, akaanza kwa kuomba samahani. Desturi ya kanga ilianza siku hiyo hiyo, maana Mektilda alikataa kusimama wazi. Maji ya moto yalikuja baadaye, wakati wa baridi ya Juni, baada ya bibi mmoja kuruka alipoguswa. Kutamka kabla ya kugusa ni jambo alilojiwekea mwenyewe. Kila jioni huhudhuria kisomo cha watu wazima kigangoni, na siku moja, wakati darasa likisali, akawaza kwamba hata daktari husema kabla hajachoma sindano.

Kupekua kwake si kwa kuigiza. Akikuta gongo huisema. Mara moja alimkuta nayo jirani yake wa Mwamapalala, mwanamke aliyewahi kumpokelea mtoto wa tatu, Anyesi alipojifungulia shambani.

"Nilimwambia, mayu, hiki ndicho nilichotumwa. Nikakifungua mwenyewe, sikumwita askari aje ndani ya kanga. Alilipa faini. Mpaka leo tukikutana kisimani anageuza ndoo upande mwingine. Namwombea kila Jumapili. Sijui kama na yeye ananiombea."

Msimu huu ndipo lilipokuja jambo jipya.

Tangu biashara iachiwe huru, wanawake wengi wameingia barabarani. Wanakwenda Lamadi kwa dagaa na sangara wa kukausha, wanarudi kuuza Bariadi, Maswa na minada ya vijijini. Wengi hutoka kwenye vikundi: wanachanga, wanamtuma mmoja. Fedha ya wote hufungwa kwenye kibindo, chini ya nguo, mahali ambapo mwizi hafiki. Anafika Anyesi peke yake.

Askari mmoja wa kizuizi hicho aliliona hilo. Gazeti hili halimtaji jina kwa kuwa shauri lake bado liko kwa wakubwa wake. Alianza kwa mzaha, akimuuliza Anyesi akitoka nyuma ya kanga nani kanenepa leo. Anyesi alirudi kukoroga uji wake. Mzaha ukaisha, likabaki swali. Askari alitaka kujua mwanamke yupi kabeba fedha nyingi ili gari lake licheleweshwe, likaguliwe breki, taa na tairi ya akiba, mpaka mwenye fedha aone ni nafuu kutoa kidogo aende zake. Alimwahidi Anyesi naye hatasahauliwa. Jumatatu jioni, alipoona bado anazungushwa, akampa hadi leo.

Anyesi alimweleza mumewe, Boniventura, wakiwa wanamenya karanga za mbegu. Mumewe ni mtu wa maneno machache. Alisema uji unaweza kuuzwa hata gulioni. Anyesi akajibu kwamba gulioni wauza uji ni wengi kuliko wanywaji. Boniventura akamenya karanga kadhaa, kisha akamuuliza kama atasema. Akasema hasemi. Mumewe akamwambia basi, kesho achukue sufuria ile ndogo, ili ikibidi kuondoka asibebe mzigo mkubwa. Hivyo ndivyo alivyomuunga mkono.

Anyesi hakuchukua sufuria ndogo. Amekuja na zote mbili.

Saa moja na robo pick-up ya pili inasimama. Miongoni mwa wanawake walio nyuma yupo Mektilda. Askari yule anatoka kivulini, anaegemea pipa na kukunja mikono.

Kanga inatandazwa. Wawili wanapekuliwa, wanatoka. Mektilda anaingia wa tatu.

"Nashika kiuno," Anyesi anasema, na mkono wake unakutana na kibindo. Ni kinene, kimefungwa kwa mafundo mawili. Anajua ni jasho la kikundi kizima. Mektilda anamtazama usoni. Hajui lolote kuhusu jana, lakini anaona mikono inayopasha wengine joto leo imepoa.

"Unaumwa?" anauliza.

"Niombee," Anyesi anamjibu, anamtengenezea kitenge, anatoka.

Baadaye aliulizwa aliomba nini katika hatua zile chache za kutoka nyuma ya gari. "Sikuomba askari aondoke," alisema. "Niliomba sauti isikatike."

"Vipi?" askari anauliza.

"Gongo hakuna, afande. Nyama hakuna."

"Na kingine?"

"Nilitumwa hivyo viwili."

"Nimekuuliza kingine, mama wa uji. Hawa watatu, nani kafunga nini?"

Sasa abiria wote wanasikia. Mektilda anashika kiuno chake bila kujua kwamba ameshika. Anyesi anasimama wima, mikono mbele, kama asimamavyo kanisani.

"Siwezi kusema, afande. Chukua mahali pako."

Anarudi kwenye mafiga. Anavuta kuni moja moja, anazizima kwa mchanga. Anaweka beseni kichwani, anabeba sufuria ya kwanza kwa matambara, anavuka kamba na kuiweka upande wa pili, nje ya eneo la kizuizi. Anarudi kuchukua ya pili. Uji unamwagika kidogo mguuni. Anakung'uta mguu na kuendelea.

Nyuma ya pick-up hiyo limeshasimama lori la marobota ya pamba, na nyuma ya lori gari jingine la abiria. Askari anawaamuru wanawake wa gari lile washuke wapekuliwe. Wanashuka. Anamnyooshea kidole msichana mmoja awapekue wenzake. Msichana anasema hajui kupekua. Anamnyooshea mwingine, mama mnene mwenye kapu la nyanya, naye anasema mikono inamuuma.

"Basi nitawapekua mwenyewe," askari anasema.

Mektilda, ambaye gari lake lingeweza sasa kuondoka, anavuta upande wa kitenge chake na kuketi chini, palepale alipoketi miaka mitatu iliyopita. Salu, mmoja wa waliopekuliwa naye, anaketi pembeni. Kisha wale wa gari la nyuma, wawili wawili, huku wakisogeza vikapu vyao visikanyagwe.

"Mlete mkeo, afande," Mektilda anamwambia. "Atatupekua, na chai utakunywa nyumbani."

Wanaume waliobaki juu ya magari wanaangua kicheko. Dereva wa lori, Dastan, anapiga honi, kisha anazima injini na kushuka kuuliza uji uko wapi. Anaonyeshwa ng'ambo ya kamba. Anakwenda, anainama chini ya kamba, ananunua kikombe, anakunywa amesimama hukohuko. Wengine wanamfuata. Foleni inafika kwenye mwembe wa mbali, na vumbi la magari mapya linaongezeka.

Saa mbili ni wakati wa askari kubadilishana zamu, kwa hiyo Land Rover ya kituo inafika kama kawaida. Mkuu wa kituo mwenyewe yumo. Anashuka, anatazama wanawake waliokaa barabarani, anatazama mafiga yenye mchanga, anatazama sufuria zilizo ng'ambo. Anauliza kuna nini. Askari anasema muuza uji amegoma kazi. Wanawake wanasema wote kwa pamoja, hasikiki mtu. Mkuu anainua mkono na kumwita Anyesi.

Anyesi anaeleza kwa sauti ile ile aliyotumia asubuhi nyuma ya kanga. Hataji kiasi chochote cha fedha, wala ya nani. Anasema aliulizwa kila mwanamke amefunga nini kiunoni, na kwamba kama hasemi, aondoke. Ameondoka.

Mkuu wa kituo hamkemei askari wake mbele ya raia. Anamwambia tu aingie kwenye gari. Askari anaingia, anakaa na kutazama mbele. Kisha mkuu anavua kofia, anakuna kichwa na kuivaa tena.

"Haya, mama. Rudi kazini kwako."

"Kazi yangu ni uji, baba. Hii nyingine mliniomba."

Mtu anakohoa juu ya lori. Mkuu anatazama foleni, anatazama saa yake ya mkononi.

"Basi tunakuomba tena," anasema. "Askari wa kike nimeomba mkoani Shinyanga tangu mwaka jana. Sijapewa."

Anyesi anawatazama wanawake walioketi, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa Mektilda. Wanaomjua wanasema ana tabia hiyo hata kwenye kisomo: hatoi jibu mpaka alimalize kichwani. Akiulizwa anatamani nini mbele ya safari, hutaja bati za nyumba na binti yake wa nne, Milembe, anayesema atakuwa polisi. Leo, anapoombwa na mkuu, hadai bati.

Anainua mkono wa kulia, bado una majivu.

"Nasema mbele ya Mungu, mbele yako baba, na mbele yenu akina mama," anasema, na hata dereva aliyeshika kikombe anaacha kunywa. "Nitapekua mpaka aje askari mwanamke, na siku akija nitamfundisha, kisha nitamwachia. Nikikuta gongo nitasema, hata ikiwa ya dada yangu. Lakini mwenye fedha yake, mwenye hirizi yake, mwenye mimba ambayo hajamwambia mtu, hayo sitamwambia askari, wala mume wangu, wala padre. Mkisikia nimesema, njooni mnimwagie huu uji barabarani, na nisiwakere tena."

"Tumesikia," Mektilda anasema kutoka chini.

"Tumesikia," wanaitika wengine.

Mkuu wa kituo, aliyekuwa akitazamwa na wote, anasema naye amesikia.