Mshahara Uliongoja Sahihi Yangu

Mwezi ule mshahara ulikuwa haujaingia, na kodi ya vyumba vyangu viwili pale Bakoba ilikuwa imekwisha. Mwenye nyumba, mama mtu mzima ambaye wazee wake walitoka pwani, hakuwa mtu wa kelele. Ijumaa asubuhi alibisha hodi, akauliza hali ya binti yangu, kisha akaegemea mlango. Upole ule ulinitisha kuliko matusi.

"Mwanangu, najua huna," akasema. "Lakini kuna mtu anavitaka hivi vyumba, na hela ya miezi sita anayo mkononi."

"Nivumilie mpaka Jumatatu, mama."

"Jumatatu," akarudia, akaenda zake.

Nilikuwa fundi sanifu wa usalama na afya kazini katika kampuni ndogo ya ujenzi mjini Bukoba, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kwenye karatasi mshahara ulikuwa laki nne na nusu. Wakishakata mkopo wa chuo na hifadhi ya jamii, nilibaki na laki tatu na kidogo. Kodi ya miezi sita peke yake ilikuwa laki tatu na sitini. Buti za kazini nilijinunulia mwenyewe, za mtumba, za kiume, nikawa navaa soksi mbili ili zisinivuke. Mama yangu alituma mikungu ya ndizi kutoka kibanjani, shamba lake la migomba kule Kishanda, kwa hiyo hatukulala njaa. Lakini ndizi hailipi umeme wala michango ya shule.

Sijamaliza kufunga buti, bosi akapiga simu.

"Nenda Nshamba leo. Mwenye lile ghala tunalojenga anataka fomu ya ukaguzi mezani kwake Jumatatu, ndipo atoe malipo. Ukisaini, mishahara ya watu wote inatoka."

"Na nikikuta tatizo?"

"Tatizo gani? Wamebakiza kupiga plasta tu."

Njia nzima nilijikuta naomba, kama mtoto anayeomba mwalimu asije, kwamba nikute kila kitu kiko sawa.

Hakikuwa sawa. Ukuta wa ghala ulikuwa mrefu kupita paa la kanisa la jirani, na jukwaa la kupigia plasta lilikuwa la mirunda ya mikaratusi iliyofungwa kwa kamba za katani zilizochakaa. Mrunda mmoja wa kona ulikuwa na ufa ambao kidole changu kiliingia. Juu kabisa, bila mkanda wa usalama, alisimama mzee niliyemfahamu tangu utotoni, jirani yetu wa Kishanda, mwiko mkononi.

"Tata, shikamoo!" nikamwita, kama tunavyowaita baba zetu.

"Marahaba, mwanangu! Umekuja kututazama?"

Nilisimama pale na fomu yangu. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nilijiambia jukwaa limesimama wiki mbili, litasimama siku mbili nyingine. Nilijiuliza binti yangu atalala wapi. Kisha mzee akasogeza mguu kufuata ndoo, ubao ukalia, nami nikasikia sauti yangu ikitoka kabla sijaamua.

"Tata, shuka. Wote shukeni. Kazi imesimama."

Hakuna aliyenishukuru. Walikuwa vibarua, wanalipwa kwa siku, na siku isiyo na kazi haina malipo. Mama mmoja aliyekuwa saidia fundi alitua ndoo ya maji, akanitazama kuanzia kofia ngumu hadi buti.

"Wewe una mshahara," akasema. "Watoto wangu leo wale karatasi yako?"

Nilitaka kumwambia kwamba mshahara wenyewe sina. Nikaona aibu, nikainamia fomu yangu.

Mzee alishuka taratibu, akajifuta saruji mikononi. "Mwanangu, umenishusha," akasema kwa upole ulioniumiza. "Haya. Nakwenda wapi sasa?"

Nikaandika kwenye fomu kwamba jukwaa halifai, nikampigia bosi.

"Umefikiria mshahara wako?" akauliza.

"Nimeufikiria tangu asubuhi," nikajibu. "Mtumie fundi mkuu wa hapa hela ya mirunda mipya na waya. Na uwalipe hawa siku ya leo, walijenge upya jukwaa. Likikamilika, nasaini."

Akakata simu. Tulikaa juu ya rundo la mawe, mimi upande wangu, wao upande wao. Baada ya saa nzima hela ikaingia kwenye simu ya fundi mkuu. Mirunda ilipatikana palepale Nshamba. Walipoanza kubomoa jukwaa la zamani nilitazama ule mrunda wa kona, nikitamani uvunjike mbele yao wote. Haukuvunjika. Wanaume wawili waliubeba mzima, wakautupa kwenye kuni, na mmoja wao akacheka. Mpaka leo sijui kama ungemwangusha mtu. Katika kazi yangu huwa hatujui.

Jumamosi jioni, jukwaa jipya liliposimama, nilisaini. Jumatatu fomu ilifika, lakini mwenye ghala alichukua wiki mbili kulipa. Nilimweleza mwenye nyumba ukweli wote, hata habari ya mrunda. Alisikiliza, akaniachia chumba kimoja na kumpa yule mtu cha pili. Binti yangu na mimi tukasogeza vitanda vyote viwili pamoja, masufuria chini ya kitanda changu.

Mkataba ulipokwisha, bosi aliniita ofisini. Hakuzungumzia Nshamba. Alinisogezea karatasi mpya: mshahara uleule, miezi miwili badala ya mitatu.

"Hali ya kampuni si nzuri," akasema, akitazama dirishani.

Niliichukua. Nilipotoka nje nilihesabu wiki hadi muhula wa shule ufunguliwe na michango idaiwe tena. Zilikuwa tisa, na mkataba ulikuwa na nane.