Sauti Iliyopigwa Pasi

Fortunée alizaliwa na sauti yenye mkwaruzo. Si mkwaruzo wa kuudhi, ila neno likipanda juu lilifika katikati likakatika kidogo, kisha likaendelea na safari yake. Kwao Walungu, Kivu ya Kusini, watoto wenzake walimwita jogoo mchanga, naye aliwakimbiza kwa mwiko mpaka shambani kwa watu. Mama yake, Nabintu, hakuwahi kumcheka hata siku moja. Alikuwa na sababu zake.

Sababu yenyewe ilikuwa mlango. Miaka ile ya bunduki, kwao mtu hakubisha hodi kwa kutaja jina. Jina lilikuwa kitu cha kuibwa: mwenye silaha angeweza kulisikia njiani, akaja kulitumia mlangoni. Kwa hiyo nyumba nzima ilikubaliana. Ukifika, sema "Ni miye", basi, na aliye ndani asikilize sauti. Nabintu akiusikia ule mkwaruzo alivuta komeo na kusema neno moja tu: "Ingia." Mpaka leo Fortunée akimpigia mama yake simu kutoka Birmingham hataji jina. Anasema ni miye, mama anamwambia ingia, ndipo wanaanza habari za mihogo na magoti yanayouma.

Sasa tuje kwenye kazi. Fortunée anakaa Sparkbrook, mtaa wa Birmingham, chumba cha juu katika moja ya zile nyumba zilizobanana nyuma ya maduka ya Ladypool Road, mahali ambapo harufu ya vitunguu vya kukaanga inakuamsha kabla ya saa. Hapo dirishani alikaa na hedfoni zake masikioni, simu mbele yake, akipokea malalamiko ya watu waliopotelewa na vifurushi. Ofisi ya kampuni iko Hockley, juu ya karakana za masonara, lakini wafanyakazi wake wako majumbani. Kampuni ilimwekea programu kwenye simu. Yeye anaongea huku, mteja anasikia kule sauti nyingine kabisa: laini, changa, isiyo na kwao. Na wanawake wote wa kampuni ile wana jina moja. Wote ni Emma. Fortunée ni Emma, Jepchirchir wa Eldoret ni Emma, Mandeep naye Emma. Haya, nikuulize, ukipiga kushtaki, utamshtaki Emma yupi?

Si hilo tu. Programu ilikuwa na mambo yake isiyoyataka. Kicheko ilikimeza. Kushusha pumzi ilikumeza. Siku moja bibi mmoja alilia kwenye simu kwa sababu kifurushi kilichopotea kilikuwa na picha za marehemu mumewe, na Fortunée akamwambia pole, kwa Kiingereza kizuri tu, kutoka moyoni. Pole ile haikufika. Programu iliibadilisha, bibi akaambiwa kwamba shida yake inashughulikiwa. Pembeni ya kioo cha simu kulikuwa na kijitaa kidogo: kijani ukiongea kwa namna ambayo programu haina cha kurekebisha, chekundu ukijisahau ukawa wewe. Jamani, nani asiyependa kijani? Taratibu Fortunée alijifunza kuipiga sauti yake pasi mwenyewe, kabla mashine haijaigusa.

Na tusimsingizie, mwanzoni alifurahi. Hakuna aliyemuuliza tena anatoka wapi. Hakuna aliyemwambia arudie, arudie, hasikiki. Mchana, kati ya mteja na mteja, aliangalia mawingu yakipita taratibu juu ya mapaa ya Sparkbrook, na macho yakimlegea alianza kuwaza mambo ya ajabu. Alikuwa amesikia kwamba masonara wa Hockley hufagia sakafu na kuitunza takataka yake, kwa sababu ndani yake mna vumbi la dhahabu. Basi akawaza kwamba huko juu ofisini nako pengine yuko mtu anafagia: vicheko, pole, mikwaruzo, anavikusanya polepole ndani ya sanduku. Katika ndoto zake za mchana sanduku lilifunguka, na sauti za akina Emma wote zikaruka juu ya mfereji wa mashua unaopita karibu na ofisi, kila moja ikitafuta koo lake. Ya kwake ilikuja ikatua dirishani, ikamtazama sana, halafu ikaondoka. Alizinduka na huzuni asiyoijua jina, akapokea mteja mwingine.

Kanisani nako Damien, mwalimu wa kwaya, alimsifu mbele ya watu. Alisema dada yetu ameimarika, siku hizi sauti haikatiki. Watu wakapiga makofi, Fortunée akatabasamu. Hakuna aliyeshtuka, hata yeye.

Ikaja Alhamisi moja ya jua zuri. Wiki ile programu ilikuwa imejirekebisha yenyewe, kama zinavyofanya programu, bila kumwomba mtu ruhusa, na tangu hapo ilizishika simu zote, za kazi na zisizo za kazi. Fortunée hakujua. Wakati wa mapumziko alimpigia mama yake.

"Ni miye," akasema.

Mama hakusema ingia. Akarudia. Mama akauliza weye ni nani, kwa sauti ndogo ambayo Fortunée hakuwa ameisikia tangu utotoni, na simu ikakatika. Akasema moyoni, ah, mtandao wa Walungu tena, akarudi kwa wateja wake.

Haukupita muda akapiga kaka yake Ruben, anayefanya kazi kwenye maghala ya Washwood Heath, humo humo Birmingham. Ruben naye alishtuka aliposikia mzungu, nusura akate. Akauliza kama ni dada yake kweli, kisha akamweleza, akihema. Mama amesikia mwanamke mgeni akisema maneno ya mlangoni kutoka namba ya Fortunée. Kwa mama, hilo lina maana moja tu, ile ya miaka ya bunduki: mtu akija na maneno yako bila sauti yako, wewe umeshauawa. Nabintu amekaa chini, majirani wameanza kujaa, matanga yameanza. Ruben alikuwa amemwapia kwamba dada yu hai, lakini mama hakumwamini. Na hapo mama hakukosea sana, maana sisi tulio nje huwaficha wazee misiba kwenye simu, tunasema mgonjwa anaendelea vizuri huku ameshazikwa. Ilibidi mwenyewe apige.

Fortunée akavua hedfoni, akashika programu aifute. Kioo kikamwonya kwamba akiifuta kazi yake imekwisha. Akaifuta. Kodi ya chumba ilimpita kichwani, lakini akaifuta. Akapiga.

"Ni miye, mama. Ni miye mwenyewe."

"Ni ile sauti tena," mama akawaambia watu wake.

Hapo ndipo Fortunée alipoogopa kweli. Programu haipo, na sauti bado imenyooka. Akajaribu kuikatisha kwa makusudi, ikatoka kama mtu anayemwigiza Fortunée vibaya. Akataja jina lake, akataja la marehemu baba yake, na kila alivyotaja mama alizidi kuwa baridi, maana majina ndiyo wezi huanza nayo.

"Umemfanya nini mtoto yangu?" mama akauliza. Kisha, bila kukata simu, akaanza kumlilia.

Kulia kwa kwao ni kumsimulia mtu. Nabintu alimsimulia binti yake: yule mwenye mwiko, mchelewaji wa kisimani, jogoo wangu mchanga, nani sasa atanigongea mlango. Fortunée alikaa kitandani Sparkbrook, mchana kweupe, akisikiliza kilio chake mwenyewe. Kwa kitambo aliona kama ni kweli, kwamba yule msichana amekufa zamani na hakuna aliyeambiwa. Jua lilikuwa ukutani. Alimwonea uchungu yule msichana. Uchungu ukampanda kutoka tumboni, hakuuzuia, hakuunyoosha, na alipofungua mdomo lilitoka neno moja, likafika katikati likakatika.

"Mama."

Kilio kule kikasimama. Wakasikika kuku.

"Rudia," mama akasema.

"Mama, ni miye." Likakatika tena, vibaya zaidi kuliko zamani, na makamasi juu.

Nabintu akashusha pumzi ndefu, na simu ikaifikisha yote.

"Ingia," akasema.

Kesho yake Fortunée alichukua basi mpaka Hockley kurudisha hedfoni. Akabonyeza kengele ya mlango, na kwenye spika akaitika Sukhvinder, msimamizi wake, ambaye alikuwa akiongea naye karibu kila siku kupitia programu ile. Akauliza ni nani. Fortunée alikuwa bado na furaha ya jana, akajisahau, akajibu kwa Kiingereza kwamba ni yeye.

"Wewe nani?" Sukhvinder akauliza, kwa adabu kabisa.

Fortunée alisubiri kidogo, huenda akatambuliwa. Kisha akaziweka hedfoni kwenye ngazi, akaenda kituoni kungoja basi.