Nyama Iliyo Kando ya Uvimbe

Baba yangu alikuwa na wake wawili, na wote wawili walinilea. Mama aliyenizaa alikuwa wa pili. Wa kwanza tulimwita mama mkubwa, mwanamke mrefu wa maneno machache. Nyumbani kwetu Mbooni walilima pamoja, wakigombana tangu chai ya asubuhi juu ya nani amepanda maharagwe karibu mno na mahindi.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu mpya kule mji wa Wote. Siku moja mama mkubwa alinijia shuleni, vumbi hadi magotini.

"Mama yako ana kitu kwenye titi," alisema. "Nimemwona akiteka maji kwa mkono mmoja, nikamvua blauzi kwa nguvu. Twende hospitali, ukatutafsirie."

Daktari hakuwa Mkamba, na Mama alijua Kiswahili cha salamu tu, kwa hiyo maneno yote yalipitia kinywani mwangu. Siku ya kwanza alitoa kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Tuliporudi kuchukua majibu, aliniangalia mimi kwanza.

"Ni saratani," alisema. "Tutaondoa titi lote, pamoja na tezi za kwapani."

Nikamgeukia Mama, nikasema kwa Kikamba, "Anasema ni uvimbe mbaya kidogo. Watautoa."

Mama mkubwa akakohoa. "Hakusema hivyo. Amesema ni saratani, na wataondoa titi lote."

Nikamgeukia. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili.

"Niliuza matunda Machakos kabla hujazaliwa," akaniambia. "Ulidhani nilikuwa nauza kwa ishara?"

Mama hakulia. Akaniambia, "Muulize. Uvimbe wenyewe ni kama punje ya mahindi. Hiyo nyama nyingine imekosa nini?"

Daktari akavuta kiti karibu naye.

"Uvimbe hauishi peke yake, mama," alisema. "Nyama inayouzunguka nayo ina kazi. Ikiwa nzima, inaweza kuuzuia muda mrefu. Lakini saratani huibadilisha tabia. Inakuwa ngumu, inaota mishipa midogo ya damu ya kuulisha uvimbe, halafu inaufungulia njia uende kwapani, mifupani, hata mapafuni. Gusa hapa. Ngozi imevutwa ndani, sivyo? Nyama ya kando imeshaanza kugeuka. Nikitoa punje peke yake, nitakuwa nimeacha wanaoisaidia."

Safari hii nilitafsiri kila neno. Nilipokwama, mama mkubwa alinitolea neno la Kikamba, na mara mbili alinisahihisha mbele ya daktari. Niliona aibu, na pia nilishukuru, maana peke yangu ningemdanganya Mama mpaka mwisho kwa kumpenda.

"Basi akate," Mama akasema. "Lakini asiniache na nusu ya kazi."

Walikata. Majibu yalionyesha kwamba kingo za nyama iliyotolewa zilikuwa safi, ila tezi moja ya kwapani ilikuwa imeshaingiwa na saratani. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na tarehe za kurudi kupimwa.

Mama aliona haya kwenda kanisani kifua kikiwa upande mmoja. Mama mkubwa akamshonea kifuko cha kitambaa, akakijaza mbaazi, akakitia ndani ya sidiria. Kilikaa vizuri wiki chache. Kisha Jumapili moja, katikati ya mahubiri, mdudu wa mbaazi akatoka kwenye kola ya Mama akatembea shingoni taratibu. Wake wenza hao wawili walicheka mpaka wakatoka nje wameshikana mabega, na mchungaji akadhani wameguswa na neno. Kifuko cha pili kilijazwa pamba.

Miaka tisa ilipita hivyo. Mama alinifunga kanga siku ya harusi yangu, akawabeba wanangu mgongoni. Halafu ugonjwa ukajitokeza kwenye uti wa mgongo, na mama mkubwa, bila kumuuliza mtu, akahamishia kitanda chake chumbani kwa Mama. Jumamosi moja mchana niliwakuta wamelala usingizi, mmoja ameshika mkono wa mwenzake, redio ikisoma matangazo ya vifo na hakuna anayeisikiliza. Nikaizima, nikavua viatu, nikakaa sakafuni karibu nao.