Chupa Nzima ya Oili

Harufu ya oili inayoungua juu ya injini inanirudisha Maguu, kijijini kwetu, siku nilipougua homa. Baba mdogo, leo nasema wazi ni yeye, alipima oili pikipiki ikiwa imeinamia stendi. Kijiti cha kupimia kikatoka kikavu, akaongeza chupa nzima.

"Haya shemeji, pandeni, hospitali si mbali."

Mama akanipakata. Mteremkoni presha ya oili ikafumua sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, tairi la nyuma likalowa, tukaangukia bondeni. Mama hakuinuka.

Msibani fundi aliikagua injini. "Oili imezidi hii. Nani aliipima pikipiki ikiwa imeinama? Kijiti lazima kidanganye."

Baba mdogo akanishika bega, akalibana. "Sema tu, mwanangu. Si wewe uliyekuwa unaichezea?"

Ukoo mzima ulinitazama. Nikasema ndiyo, ni mimi.