Konzi ya Unga Pangoni

Dunstan alipobisha hodi kijijini Mkumbara na kutoa shikamoo, Hamisa hakuitikia. Aliendelea kupepeta mahindi yake, uso kaukunja. Mtafiti mzima wa viumbe vya mapangoni, na mabuti yake, akabaki kasimama uani hajui aweke wapi mikono.

Na aitikie kwa lipi? Miaka arobaini, tangu aolewe hapa, Hamisa ameingia pango la mlimani kuzoa mavi ya popo, mbolea ya mchicha wake. Bibi yake wa Sindeni, kule Handeni, alimfundisha: pango lolote lile, usichukue kitu kabla hujaacha konzi ya unga kwenye jiwe la ndani. Ni cha wenyewe, alisema bibi. Hamisa hakuuliza wenyewe ni akina nani. Aliwaona tu jongoo weupe, wembamba, wasio na macho, wakiuzingira ule unga. Dunstan alipokuja mara ya kwanza, ni yeye aliyemshika mkono gizani mpaka kwenye jiwe.

Dunstan akawatia jongoo kwenye vichupa vya spiriti, akawachunguza kwa hadubini, akatangaza jenasi mpya: kundi zima ambalo halijawahi kuandikwa popote. Aliyewagundua: Dunstan. Chakula chao: mavi ya popo. Na unga je? "Huo ushirikina, bibi," alisema akicheka. Kisha, eti kuwalinda, pango likatiwa geti na kufuli, Hamisa akaambiwa asikanyage tena. Mwaka mzima mchicha wake umedumaa, na kila akipita pale damu inamchemka.

"Bibi, hawaonekani," Dunstan alisema sasa. "Nimetafuta siku nne. Jongoo hutofautishwa kwa maumbile ya dume; nisipopata mwingine, wenzangu hawatakubali kuwa hii ni jenasi mpya."

"Kwani mimi nimewala?"

"Naomba unionyeshe walipo."

Hamisa aliinuka kwa hasira, mahindi yakamwagika. Akachota unga, akamnyang'anya ufunguo, akatangulia. Kule ndani jiwe lilikuwa tupu. Akaweka konzi yake, akachuchumaa, akasubiri hadi magoti yakamuuma. Hakuja hata mmoja.

"Umewapa jina, ukawanyima unga!" alifoka, popo wakatawanyika. "Viumbe niliowalisha miaka yote hii! Ebo! Na kwenye maandishi yako hata jina langu hukuliweka!"

"Nisamehe, bibi. Sikujua."

"Ungejuaje, na ulikuwa unacheka?"

Walitoka nje. Getini Dunstan alinyoosha mkono apewe ufunguo. Hamisa alikuwa ameshaufunga kwenye pindo la kanga.

"Huu unabaki kwangu," alisema. "Nitaleta unga kila asubuhi. Wakirudi, nitakuita. Siku hiyo ndiyo uje na shikamoo yako."