Mji Uliokalia Makaa ya Mawe

Kwa miaka ishirini na miwili, Mwalimu Otylie Hejduková ndiye aliyeandika kitabu cha kumbukumbu cha mji wa Trnošov: mto umefurika lini, kengele imepasuka vipi, nani kafa na kwa ugonjwa gani. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na kazi hiyo aliishika kama ibada.

Vitabu vya mwanzo viliandikwa kwa Kijerumani na fundi viatu aliyeitwa Grohmann. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, Wajerumani wa Trnošov walifukuzwa nchini, kila mtu na furushi lake, na Otylie na mumewe wakapewa nyumba ya Grohmann. Waliingia wakakuta vikombe vingali mezani, kahawa imegandia chini. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Akajifunza kuusoma mwandiko wa yule fundi, na humo akajua kwamba nguzo ya Bikira Maria pale uwanjani ilisimamishwa baada ya tauni kumaliza nusu ya watu, na kwamba mji ulipoungua, kiwanda cha bia kilijengwa upya kabla ya kanisa.

Mwaka 1974 watu waliitwa kwenye ukumbi wa sinema. Mhandisi wa mgodi akawaambia kwamba chini ya mji kuna makaa ya mawe, unene wake mita thelathini, na kwamba mji utaondolewa.

"Na sisi je, mhandisi?" akauliza mzee Drahota, mpika bia, jirani wa Otylie. "Tunahamishwa, au tunachomwa pamoja na makaa?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia.

Otylie aliandika barua hadi Praha, mji mkuu, kuliombea kanisa la Mtakatifu Havel. Halikunusurika. Alichopata ni ahadi ya nguzo: ingehamishwa. Mafundi waliibomoa, wakayatia mawe namba kwa chaki na kuyapanga nje kwenye yadi ya mgodi. Mvua ya wiki moja ikazifuta namba zote, na hakuna aliyejua tena jiwe lipi likae wapi.

Siku ya kulilipua kanisa, watu walipanda mlimani kutazama. Baruti ya kwanza ikalia, vumbi likatanda, mnara ukabaki wima. Watu wakapiga makofi, wengine wakakumbatiana. Baada ya saa moja ikalia ya pili.

Mwenyekiti wa mji, Rubáš, alimfuata Otylie nyumbani, kofia mkononi.

"Mwalimu, umebaki mwisho wa kitabu cha kumbukumbu. Andika kwamba wananchi walihama kwa furaha, wakaingia nyumba zenye maji ya moto."

"Maji ya moto nitayaandika. Hiyo furaha sikuiona."

"Usinitie matatani, mwalimu. Ni wewe uliyenifundisha kuandika."

"Kuandika nilikufundisha, Rubáš. Uongo umejifunzia wapi?"

Mwenyekiti akainama. "Mama yangu mwenyewe kazikwa pale makaburini. Unadhani mimi nina la kufanya?"

Otylie aliandika aliyoyaona. Aliandika juu ya mzee aliyefagia baraza na kufunga mlango kwa ufunguo asubuhi ile ile ya kubomolewa nyumba. Akaandika pia: "Tuliingia katika nyumba za waliofukuzwa, wala hatukuuliza walikwenda wapi. Sasa tunaondolewa sisi." Kitabu kilichukuliwa kupelekwa wilayani. Alipokwenda kukiona, alikuta kurasa kumi na moja zimekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono.

Alipewa chumba ghorofa ya sita, katika jiji lisilomjua. Drahota alikaa jengo la pili, na Jumapili alikuja kula maandazi ya kuchemsha yenye tunda la plamu ndani.

"Dada Otylie, hapa hata jeneza linashuka kwa lifti," alimwambia. "Sijui watanisimamisha wima!"

Alikufa majira ya baridi ya kwanza. Hakuwa na ugonjwa wowote, daktari alisema.

Ndipo ikaja barua kutoka Bavaria, Ujerumani, iliyoelekezwa kwenye nyumba ya zamani. Ilikuwa ya binti wa Grohmann, ambaye sasa alikuwa bibi kizee. Hakuwa na kinyongo. Aliuliza kama mti wa peasi wa nyuma ya nyumba ungali unazaa, na kama angeweza kuja kuuona kabla hajafa.

Otylie alipanda basi hadi ukingo wa mgodi. Alitafuta kwa macho mahali nyumba ilipokuwa, lakini hewa tu ndiyo iliyobaki hapo. Ardhi yenyewe ilikuwa imekwenda, na chini kabisa mashine zilikuwa zikichimba. Akarudi akaandika: "Nyumba haipo, mti haupo. Vikombe vyenu nilivitunza, vikavunjika siku ya kuhama. Nisamehe."

Jibu halikuja. Alingoja hadi kiangazi, kisha akaacha kufungua sanduku la barua.

Miaka minne baadaye alifariki. Alikuwa ameomba alazwe karibu na mumewe, lakini haikuwezekana: mifupa ya makaburi ya Trnošov ilikuwa imefukuliwa na kuzikwa pamoja katika shimo moja, bila majina.