Bunduki ya Tata Imegeuka Mahari Kasai

Barua hii imetufikia kwa mkono. Jina la aliyeiandika tunalo sisi, na litabaki kwetu. Msomeni kama mdogo wenu.

Wakubwa wangu wasomaji, mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ya malori hapa Kolwezi. Nilimaliza sekondari, sijaoa, ninakaa mtaa wa Kapata na tata, baba yangu, na mama. Ninaandika kwa hofu, mnisamehe maneno yakigongana.

Tata ni mtu wa Kapanga, mwindaji tangu ujana. Alikuwa na bunduki moja ya kuwindia, yenye permi, kibali halali cha serikali. Baada ya vita vya waasi, barebele tunavyowaita, mkoa wetu wa Shaba ulikaza sheria: kila bunduki ya raia ipelekwe kambini, hata yenye permi. Wote tulijua kwamba bunduki ikiingia kule hairudi. Nilisoma amri ile kwenye ubao wa matangazo hadi mstari wa mwisho, nikaona kuna mlango: mwenye permi aliruhusiwa kuiweka silaha yake kwa mwenye permi mwenzake katika mkoa mwingine, mradi ofisi za pande zote mbili zijulishwe. Tata ana rafiki mwenye permi, mfanyakazi wa reli upande wa Kasai. Nitamwita Tata Kabongo, si jina lake. Mwaka jana tulipanda treni, bunduki imefungwa guniani, karatasi mkononi. Zilipigwa muhuri huku na kule. Kila kitu kilikuwa safi.

Lakini tata hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Alinunua mbuzi dume, na kikwembe, yaani kitenge, cha mama wa nyumba ile. Tulipoingia uani, majirani walipiga vigelegele. Binti wa Tata Kabongo alileta maji ya kunawa akapiga magoti mbele yangu, si mbele ya tata. Nilidhani ni adabu ya kwao.

Mwezi uliopita askari walitukuta mezani, mchana. Mtu alikuwa amewaambia kwamba tata hakupeleka bunduki kambini. Niliwapa karatasi zetu. Komanda alijifutia jasho nazo.

"Petit, weye mutoto, karatasi inapigaka risasi? Mi nataka bunduki. Nani anajua kama haiko mu pori na barebele?"

Waliuweka mkono wa kuume wa tata juu ya kizingiti, wakaupiga kwa kitako cha bunduki. Nilisikia mifupa. Mama alijirusha katikati; walimpiga teke la tumbo, akatapika ugali aliotoka kuumeza. Mimi walinifunga mikono kwa mkanda wangu mwenyewe. Tata alisema tu, "Mutoto wangu, usibishane nabo." Wakamchukua. Walipomrudisha, ngozi ya mgongo ilikuwa imegandana na shati, na sikio moja halisikii tena mpaka leo.

"Mwezi mumoja ukiisha tutarudi," komanda aliniambia. "Kama bunduki haiko, njo weye utabeba maiti ya tata yako."

Nikapanda treni tena. Tata Kabongo alinikumbatia. "Mukwe wangu! Ulikawia kuja kuchukua muke wako!"

Nilimwambia nimefuata bunduki. Uso wake ulibadilika.

"Bunduki, mbuzi, kikwembe. Bile bitu bitatu bikiingia mu nyumba ya mutu mwenye binti, kwenu munabiitaka namna gani?"

"Kwetu ni zawadi na amana, tata."

"Kwetu njo mahari."

Kisha akanieleza yaliyobaki, bila haya, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Kwao mahari ya dada humwoza kaka. Bunduki yetu ilikwisha kutoka nyumbani kwake. Mwanawe mkubwa alioa mke kwa bunduki hiyo, na sasa imelala kwa baba wa huyo mke, katika kijiji kilicho nje ya mji. Mzee yule hana permi. Na mke huyo ana mimba kubwa.

Mwana mwenyewe alisikia akiwa mlangoni. Aliingia na panga. "Unakuja kuvunja nyumba yangu, mwana wa Shaba? Unamukataa dada yangu na unataka muke wangu arudie kwabo?" Panga lilinipata begani. Nilianguka, akanikanyaga kifua, akalinyanyua tena. Mke wake ndiye aliyenikinga. Alisimama juu yangu na tumbo lake lile, akapiga kelele: "Mupige basi! Mi nizalie muuaji mutoto?" Panga likashuka taratibu.

Yule binti alinifunga jeraha kwa kitambaa cha kichwani. Hakunitazama. "Balinambia ulinikubali," alisema.

Nimerudi Kolwezi mikono mitupu, ingawa sheria iko upande wangu bado. Ninaweza kwenda kwa majandarme, askari wa Kasai, na zile karatasi, waende kijijini waitoe bunduki. Lakini nimeona jinsi silaha inavyotolewa nyumbani kwa mtu. Mzee asiye na permi hatavunjwa mkono tu. Na mke yule anakwenda kuzalia kwa mama yake, kama desturi yao ilivyo, katika nyumba hiyo hiyo. Nimesikia ameshakwenda.

Mama ananiambia, "Taja kwenye bunduki iko. Bale batu sibajue. Mi namujua bwana yangu." Ananiambia hivyo huku akimlisha tata, kwa sababu vidole vyake havishiki kitu. Tata anageuza uso ukutani. "Ukitaja, usiniite tata tena."

Ndugu zangu, ofisini ninasikia lori likifunga breki, ninaacha kuandika na kushika meza. Komanda atauliza swali moja tu, bunduki iko wapi, na jibu lake ninalo. Mwanamke aliyesimama juu yangu, au mtu aliyenizaa? Kama mna njia ya tatu, nionyesheni. Kama haipo, niambieni mngefumba mdomo au mngeufungua. Mwezi unaisha.